Kioo

Nyanda ameandika orodha nyuma ya kadi ya harusi
iliyoharibika juzi: bwana harusi ni Kishosha,
sisi tukamchapa Kishoka.
Bibi harusi alicheka. Baba mkwe hakucheka.

Prosesa ya kori nane. Ramu giga thelathini na mbili.
Kadi ya picha yenye feni tatu
na taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa disko.
Jumla: milioni tatu na laki saba.
Nilizonazo: mbili na laki moja,
pamoja na zamu yangu ya upatu.

“Taa za nini?”
“Za kazi, mama.”
Kazi gani hiyo tunayochapa gizani?
Hapa Rwagasore umeme ukikatika
nazo zitalala kama sisi.

Mwanangu anajua mashine kwa majina
kama wenzake wanavyojua wachezaji wa Pamba.
Mimi najua karatasi. Gramu nazipima kwa vidole:
themanini, mia moja thelathini, mia tatu.
Najua printa inavyokohoa wino ukikaribia kuisha.
Nawajua wadudu wa ziwa,
wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa nyumba isiyokuwepo,
wakafuata balbu yetu, wakapenya dirishani;
asubuhi tunawakuta wameziba feni
na mmoja amechapwa katikati ya neno Karibuni.

Ila kinachoninyima usingizi si wadudu.

Mwezi wa pili waliingia watoto wa mzee Bituro
na picha moja, ya simu:
amesimama mwaloni Kirumba, shati jeupe,
mkono mmoja umekatwa na anayepiga.
Ratiba za mazishi mia mbili,
kesho asubuhi, kabla ya meli ya Nansio.
Kwenye kompyuta alikuwa mzuri,
mweusi wa kahawa iliyokaangwa vema,
anang’aa kama aliyetoka kupaka mafuta.
Kwenye karatasi akatoka kijivu.
Kijivu cha jiko la jana.
Na saa ilikuwa imekwisha, na wino, na mimi.

Binti yake mkubwa alishika ratiba moja.
Hakupaza sauti.
“Mama, huyu ni nani?”
Kisha akalipa zote. Hakuomba hata kupunguziwa.

Kwa hiyo futa feni tatu, Nyanda.
Tuanze na kioo.
Si hicho kinachopamba kila kitu kama mshenga;
nataka kisicho na haya,
kinachoniambia mapema kwamba buluu niliyomwahidi mteja
itafika kwenye karatasi ikiwa zambarau.
Nasikia kuna kidude cha kupima rangi,
unakilaza juu ya kioo
kama daktari wa Bugando anavyosikiliza kifua.
Kiandike, hata kama ni cha mkono wa pili.
Ramu kumi na sita; tundu la pembeni liachwe wazi,
mgeni atakuja na upatu ujao.
Prosesa ya kati inatosha, hatuendi mwezini.
Diski mbili: moja ya kufanyia kazi, moja ya kukumbuka.
Sura za watu hazilazwi kapu moja.
Powasaplai akuchagulie fundi Lufungulo wa Makoroboi,
huipima mkononi kama mnunuzi wa sangara:
nyepesi, anairudisha bila maneno.
Na betri ya UPS, dakika kumi tu,
za kuhifadhi kazi na kusema pole.

Siku kioo kitakapofika
nitafungua faili ambalo sijalifuta,
Bituro mwisho mwisho mbili,
nimrudishe kahawa yake kidogo kidogo,
shavu kwanza, kisha paji la uso,
nichape nakala moja ya gramu mia tatu.
Namba ya binti ninayo.
Nimeshaipiga mara moja, ikaita, nikakata.

Nyanda amepitisha mstari juu ya feni tatu.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
ameandika: taa, chenji ikibaki.